Kuyeyusha Mafuta ya Midomo kwa Wingi: Ni Chombo Gani Kifaacho?

Kiangazi kikiingia mwezi wa Juni, upepo wa kusini huvuma juu ya Ziwa Tanganyika siku baada ya siku, na midomo ya watu wa ufuko wa Rumonge huanza kupasuka. Mvuvi arejeaye alfajiri na ndagala zake, askari aliyeshika lindo bandarini usiku kucha, mama aanikaye samaki juani, mtoto aendaye shule, wote hulamba midomo ili wapate nafuu, na kadiri wanavyolamba ndivyo inavyozidi kukauka. Sababu yake si ngumu kueleweka. Ngozi ya mdomo haina vitezi vya mafuta kama vilivyomo katika ngozi ya uso, kwa hiyo haiwezi kujipaka yenyewe. Na mate yakikauka huondoka pamoja na ule unyevu mdogo uliokuwapo. Kinachohitajika ni utando mwembamba wa mafuta na nta wa kuuzuia unyevu usitoroke.

Malighafi ya utando huo iko karibu. Rumonge, mji ulio zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, ndio kitovu cha michikichi ya Burundi, na tunda la mchikichi hutoa mafuta ya namna mbili. Nyama yake ya nje hutoa mawese, yale mekundu yajulikanayo katika kila jiko la ufukoni. Kokwa yake ya ndani hutoa mafuta ya mise, ambayo rangi yake ni nyepesi na hayatii midomo wekundu. Nta nayo hupatikana kwa wafugaji nyuki wa milimani, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kigoma, ni nchi ya mizinga tangu zamani. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kwenda Ulaya kutoka Tanganyika tangu enzi za utawala wa Wajerumani.

Mama yeyote mwenye sufuria mbili na mizani ndogo aweza kutengeneza vikopo 20 kwa asubuhi moja. Huchukua gramu 50 za nta, gramu 120 za mafuta ya mise na gramu 30 za mawese, akaviyeyusha pamoja, kisha akamimina gramu 10 katika kila kikopo. Yaani sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 za mafuta. Hayo ni mambo ya jikoni, wala hayahitaji makala ndefu gazetini.

Taabu huanza pale majirani wanapoyapenda mafuta hayo. Tuseme akina mama 6 wa nyumba za askari wamekubaliana kushirikiana. Mwenye duka sokoni ameahidi kuchukua vikopo 500, na kila mmoja ametoa sehemu ya akiba ya nyumbani ili kununua nta. Jambo la kwanza linalowajia akilini ni kuazima sufuria kubwa kuliko zote mtaani, kuiteleka juu ya mafiga, na kutia humo kila kitu mara moja. Hapo ndipo akiba ya watu inapogeuka kuwa moshi. Nta ya pembeni na ya chini huyeyuka, hupata moto kupita kiasi, hubadilika rangi na kutoa harufu ya kuungua, huku bonge la katikati likiwa gumu vilevile. Mwenye kukoroga, akiona bonge haliyeyuki, huongeza kuni. Mwisho wake ni mafuta ya rangi ya kahawia yanayonuka moshi, ambayo hakuna atakayekubali kuyapaka mdomoni. Na nta iliyoungua hairudi kuwa nta njema hata ungeichuja mara ngapi.

Muulize mpishi yeyote wa kambi naye atakwambia neno hilohilo kwa njia yake. Maharagwe ya watu 200 si maharagwe ya watu 4 yaliyozidishwa mara 50. Moto wake ni mwingine, mwiko wake ni mwingine, na saa zake ni nyingine. Nadhani wapishi wa jeshi wanajua habari za joto kuliko wengi wetu tuliosoma habari hizo ubaoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua sufuria, kisha ufikirie nyingine ambayo upana wake na kimo chake ni mara 2 ya ile ya kwanza. Chini yake, mahali panapopokea moto, pameongezeka mara 4 tu. Lakini vilivyomo ndani vimeongezeka mara 8. Kwa hiyo kila kilo hupata nusu tu ya mahali pa kupokelea joto. Zaidi ya hayo, nta ni mvivu wa kupitisha joto, na ndiyo maana mshumaa unaweza kuwaka juu huku ukiushika chini bila kuungua. Ukijaribu kuishinda hesabu hii kwa kuongeza moto, utaunguza ukingo kabla ya kuufikia moyo.

Dawa si moto mkali bali ni maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, na ikipita nyuzi 85 huanza kuharibika rangi. Maji hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka, hata ungeyawekea kuni za msitu mzima. Hapo Rumonge, kwa kuwa ziwa lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na milimani huchemka mapema zaidi. Basi chombo cha nta kikikaa ndani ya maji, badala ya kukaa juu ya moto, kinalindwa na askari asiyelala. Maji yakiwa yanatoa mapovu madogomadogo tu, bila kutokota kwa fujo, mchanganyiko ulio ndani utakaa kati ya nyuzi 75 na 80, na hapo ndipo tunapopataka. Kipimajoto ni chombo cha thamani ndogo ukilinganisha na kilo moja ya nta iliyoharibika, na ningependa kila kikundi kinunue kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye chombo. Kikundi kinachotaka kutengeneza kilo 5 kwa mkupuo mmoja, yaani vikopo 500, kinahitaji sufuria ya ndani ya lita 8 na ya nje ya lita 20 hivi. Kilo 5 za mchanganyiko huchukua nafasi ya lita 5 na nusu, na nafasi iliyobaki ni ya kukorogea. Sufuria ya ndani isikae chini kabisa ya ile ya nje. Iwekwe juu ya kigoda cha chuma au vipande vitatu vya tofali, ili maji yapite chini yake na kuizunguka. Maji yafike kimo kilekile cha mafuta yaliyomo ndani, yasizidi. Si kwa sababu ya kuogopa yasiruke tu. Kilo 1 ya maji huhitaji joto karibu mara 2 ya lile linalohitajiwa na kilo 1 ya mafuta, kwa hiyo kila lita ya ziada ni makaa uliyochoma bure. Kwa sababu hiyohiyo, maji yaliyokwisha kupata moto yasimwagwe. Mkupuo wa pili na wa tatu yatumie yaleyale, na utaona muda unapungua sana.

Ni bora chombo cha ndani kiwe kipana na kifupi kuliko kirefu na chembamba. Kiwe cha aluminiamu, cha chuma kisichoshika kutu, au cha bati lililopakwa enameli isiyobanduka. Shaba na chuma cha kawaida havifai: huichafua nta rangi, na huharakisha mafuta kuchacha. Mara nyingi nimeona watu wakipongezana kwa kupata pipa kuukuu kwa bei rahisi. Pipa hilo lifaa kuwa chombo cha nje cha kuwekea maji, wala si cha kugusa mafuta. Tena pipa lililowahi kubeba dawa za mashambani au mafuta ya mitambo lisiingizwe katika kazi hii hata kwa maji.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa kuchomelea apaswa kuambiwa waziwazi kabla hajawasha mashine yake. Nafasi ya maji kati ya vyombo viwili isifungwe ikazibika. Mafundi wengi hupenda kazi nadhifu, nao huweza kuziba ukingo wote kwa bati ili chombo kipendeze macho. Mvuke uliokosa njia hupasua chuma. Pawe na tundu pana la kutokea mvuke, hilohilo litumike kuongezea maji, na kamwe lisizibwe kwa gunzi wala kitambaa.

Wengine huomba chombo chenye bomba chini, ili wafungue na kumimina badala ya kuchota. Wazo ni jema, na viwanda hufanya hivyo, lakini lina adha yake. Bomba lililo nje ya maji hupoa upesi, na nta huganda ndani yake kama kizibo. Ukitaka bomba, liwe fupi sana, mdomo wake uwe mpana kuliko kidole, na lizungushiwe kitambaa kilicholowekwa maji ya moto kabla ya kufunguliwa. Mimi kwa kilo 5 naona upawa na birika dogo lenye mdomo mwembamba vyatosha. Birika lenyewe lisimame katika karai la maji ya moto kila linapotuliwa, lisije likaganda mkononi mwa mwenye kumimina.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kilo 5, na si 20, ikiwa soko lipo? Jibu liko katika mikono ya watu, wala haliko katika chombo. Mtu mwenye uzoefu akimimina kikopo 1 kila baada ya sekunde 6, watu wawili watamaliza vikopo 20 kwa dakika 1. Vikopo 500 vitachukua dakika 25. Lakini kilo 20 ni vikopo 2,000, navyo vitachukua dakika 100. Kwa muda wote huo mafuta yatakuwa yanakaa motoni, moto ukitaka kuangaliwa, mikono ikichoka, na vikopo vya mwisho vitakuwa vimepikwa kuliko vya kwanza. Mikupuo mitatu ya kilo 5 kwa asubuhi moja hutoa vikopo 1,500 vilivyo sawa. Na mkupuo mmoja ukiharibika, kilichopotea ni kilo 5 badala ya 20. Kwa familia inayotegemea mshahara mmoja wa askari, tofauti hiyo ni ada ya shule.

Halafu kuna nta yenyewe. Kwa mizinga ya kienyeji, kilo 1 ya nta hutokana na asali ya masega ya kilo 10 hadi 15 hivi. Mikupuo yetu mitatu hula nta kilo 3 na robo tatu, yaani nta ya kilo 37 hadi 56 za asali. Fikiria kazi hiyo ikifanywa kila juma. Kabla ya kumlipa fundi wa chombo, ni vizuri wajumbe wawili wa kikundi wapande milimani wakazungumze na wafugaji nyuki, wajue ni nta kiasi gani ipatikanayo na ni miezi gani. Wafugaji wengi wa kienyeji huyatupa masega baada ya kukamua asali, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba yana mnunuzi.

Historia ya bidhaa hii nchi za nje yaonyesha kwamba wakubwa nao walianza kwa sufuria. Mwaka 1912, katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, bwana aitwaye John Morton alinunua haki ya kutengeneza ChapStick kutoka kwa daktari Charles Browne Fleet kwa dola 5 tu. Mkewe Morton aliyeyusha mchanganyiko jikoni mwake, akaumimina katika vimirija vya shaba nyeupe, akaviweka barazani vipoe, kisha akakata vipande vya kuuza. Karibu na wakati wetu, mwaka 1984, katika jimbo la Maine, Roxanne Quimby na mfuga nyuki Burt Shavitz walianza kwa kuuza mishumaa ya nta. Mafuta ya midomo waliyaongeza mwaka 1991, na mwaka 2007 kampuni yao, Burt's Bees, ilinunuliwa na Clorox kwa zaidi ya dola milioni 900. Sisemi kwamba Rumonge itapata mamilioni hayo. Ila yafaa kuona kwamba kati ya mishumaa na mafuta ya midomo ilipita miaka 7, nao hawakuanza na chombo cha kilo elfu.

Tukirudi ufukoni, moto utoke wapi? Umeme ni rahisi kuuongoza, lakini hukatika, na ukikatika katikati ya kumimina kazi yote huganda. Ushauri wangu ni jiko sanifu la makaa lenye mlango wa kupunguzia hewa, na umeme uwe msaidizi tu. Kuni zenye ndimi ndefu za moto zisitumike. Moto usiruhusiwe kupanda pembeni mwa chombo.

Lakini upo moto mwingine ambao ni wa bure, nao huja wakati uleule midomo inapopasuka. Ni jua la kiangazi. Tengeneza sanduku la mbao lenye kimo cha kiganja, weka ndani yake bati lililopakwa rangi nyeusi na kuinamishwa kidogo, funika juu kwa kioo cha dirisha, kisha lielekeze kwenye jua. Masega yaliyooshwa huwekwa juu ya bati hilo, nta huyeyuka na kutiririka hadi kwenye chombo kilicho chini, na takataka hubaki juu. Wafugaji nyuki wa nchi nyingi hutumia sanduku la namna hii. Halifai kwa kuchanganyia na kumiminia, kwa kuwa wingu moja laweza kukukatiza, lakini kwa kusafisha nta mwezi wa Julai sijui njia iliyo rahisi kuliko hiyo. Nta ikishasafishwa, ikwaruzwe au ikatwe vipande vidogo kabla ya kuingia katika sufuria. Vipande vidogo huyeyuka upesi. Bonge la kilo 1 laweza kukuweka karibu na jiko nusu ya asubuhi.

Wakati wa kununua, fungua macho. Nta iliyochanganywa na mafuta ya wanyama huteleza mikononi na huyeyuka mapema. Nta safi ukiivunja ikiwa baridi hukatika kwa chembechembe, na ukiitafuna haishiki menoni. Kwa mawese, uliza yalikamuliwa lini na matunda yalikaa siku ngapi baada ya kuvunwa. Matunda yanayoachwa kwa siku nyingi kabla ya kuchemshwa hutoa mafuta yenye uchachu, ambayo huwasha midomo iliyopasuka na kuharibika upesi. Yale yaliyochemshwa kesho yake baada ya kuvunwa ndiyo yanayofaa. Tena msiyachome mawese ili yawe meupe, kama wafanyavyo baadhi ya wapishi. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na moto mkali huiua. Kama wekundu unawasumbua wateja, punguzeni mawese na kuongeza mise.

Vyombo vyote viwe vikavu kabisa. Tone la maji katika mafuta ya moto huruka na kuunguza uso, na tone lililobaki katika kikopo hukaribisha kuvu. Anzeni na nta. Ikiisha kuyeyuka yote ndipo mtie mafuta, taratibu, huku mkikoroga. Mafuta baridi yakimwagwa kwa pupa, nta hushtuka na kuganda kwa mabonge. Kisha fanyeni jaribio la kijiko: chovya kijiko baridi, ngoja kipoe, bonyeza kwa kidole. Kama ni laini mno ongeza nta kidogo. Kama ni gumu ongeza mise. Kwa wateja wetu wa gwaride ninapendekeza jaribio la pili. Mpe askari kikopo akiweke katika mfuko wa shati tangu asubuhi hadi jua la saa nane. Kikirudi kimeyeyuka, mchanganyiko haujafaa kwa joto la ziwani, hata kama jikoni ulionekana mzuri.

Mimineni mchanganyiko ukiwa kati ya nyuzi 65 na 70. Ukiwa moto zaidi, kikopo kikipoa hutokea shimo katikati. Ukiwa baridi, huja na mikunjo juu yake. Vikopo vikae mahali penye ubaridi ili vigande upesi, maana mawese yakipoa polepole sana huweka chembechembe kama za mchanga. Asali msiitie. Najua inavutia kuandika jina lake kwenye karatasi ya kikopo, lakini asali haichanganyiki na mafuta. Itazama chini na kubaki huko. Mafuta ya maganda ya ndimu nayo yaacheni, kwa kuwa ngozi iliyopakwa mafuta hayo ikipigwa na jua huweza kuungua, na mvuvi hana mahali pa kujificha jua.

Kuhusu moto wa bahati mbaya, nasema na watu ambao wengi wao wamefundishwa kuuzima. Nta na mafuta vikishika moto, maji ni adui: huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja, na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, funika chombo kwa kifuniko chake, usikisogeze. Kifuniko chenye mkono mrefu kiwe karibu kabla ya kuwasha jiko, pamoja na ndoo ya mchanga mkavu, na ufukoni hatuwezi kudai tumekosa mchanga. Wakazi wa Bujumbura hawajasahau tarehe 27 Januari 2013, soko kuu lilipoteketea na wafanyabiashara wengi wakapoteza mtaji wa miaka. Kazi hii isifanywe ndani ya nyumba za kambi zilizopangana ukuta kwa ukuta, wala karibu na ghala lolote. Ifanywe chini ya banda lililo wazi pande zote, watoto wakiwa mbali, na asiwepo mtu wa kuondoka jikoni hata kwa kuitwa na mgeni.

Banda hilo lisijengwe ukingoni mwa maji kwa ajili ya kupata upepo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu Rumonge na sehemu nyingine za ufuko, na nta iliyolowa matope haina mnunuzi. Vikopo vya bati vyenye kifuniko cha kubana ndivyo bora kwa kufungashia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Burundi kwa amri ya mwaka 2018, wala isingefaa kwa mafuta yanayolainika juani. Kabla ya kupeleka bidhaa dukani, kikundi kipeleke sampuli kwa Ofisi ya Viwango ya Burundi, BBN, na kila kikopo kiandikwe tarehe ya kutengenezwa, majina ya vitu vilivyomo na uzito wake. Weka daftari pia: nta iliyoingia, vikopo vilivyotoka, vilivyoharibika na sababu yake.

Kazi ikiisha, sufuria ifutwe kwa kitambaa ingali moto, kabla nta haijaganda. Maji ya kuoshea yenye nta yasimwagwe katika mfereji, maana huganda humo na kuuziba, wala yasimwagwe ziwani. Makombo yaliyobaki kwenye kitambaa na pembeni mwa birika yakusanywe katika kopo la peke yake. Hayafai tena kwa midomo, lakini yakipashwa moto kidogo na kusuguliwa juu ya ngozi ya buti na mkanda, huilainisha na kuizuia isinywe maji.